Mwaka Nilioitwa Guni

Abdullahi aliponipigia simu kuniambia kwamba Mwalimu Mwakale amefariki kwao Taita, aliniita kwa jina ambalo wengi waliolijua wameshatangulia mbele ya haki. "Guni," alisema, "umekaa?" Nilikuwa jikoni napika anjera, chapati zetu laini, na mara moja nikazima moto, maana hakuna mtu wa umri wetu anayeuliza kama umekaa kwa sababu ya habari njema. Aliponiambia, nilivuta kigoda nikakaa. Kisha yeye, mzee mwenye wajukuu na goti linalomsumbua kila asubuhi, akaanza kuhesabu silabi polepole kwenye simu kama tulivyofundishwa: "Mwa-li-mu Mwa-ka-le. Sita. Amepungukiwa na mbili." Tukacheka, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba nalia. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi, na kila mara watu wameniuliza ilikuwaje binti wa Kisomali wa Garissa akapenda mashairi ya lugha ambayo hakuisikia nyumbani kwao. Nimezoea kuwajibu kwa kifupi. Jibu refu ni mwaka wa sitini na sita, nilipokuwa darasa la saba.

Mwaka huo Garissa ilikuwa mji mdogo uliojaa askari, waliokuwa wakipigana na waasi wa msituni. Kulikuwa na barabara moja ya maduka, mto nyuma ya migomba, na kizuizi kila ulikoelekea. Jua likianza kuteremka kila mtu alikuwa anaharakisha kufika kwake, kwa sababu baada ya saa ya amri ya kutotoka nje hakuna aliyeulizwa anatoka wapi. Watu wa mashambani walikuwa wakikusanywa ndani ya vijiji vilivyozungushiwa ua wa miiba, na ngamia wao wakichukuliwa. Sisi watoto tulikua katikati ya mambo hayo tukidhani ndivyo dunia ilivyo. Nyumbani kwetu Kiswahili hakikuruhusiwa. Aabo, baba yangu, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo na alikijua cha kumtosha kuuza mbuzi, lakini akivuka mlango alikiacha nje pamoja na viatu. "Hapa si kambi," alituambia. Hooyo, mama yangu, hakukijua kabisa. Kwake ilikuwa lugha ya watu waliogonga mlango kwa kitako cha bunduki.

Mwalimu Mwakale alikuja kufundisha darasa letu mwanzoni mwa mwaka huo, kijana mwembamba, Mkristo, mwenye koti moja la suti alilolivaa hata katika joto la Machi. Darasa lilikuwa chumba cha mabati, na juu ya paa korongo wakubwa walitembea kutwa kwa miguu mizito, kama wakaguzi wa shule waliokosa mlango. Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Alitutaka tumtajie maneno ya Kiswahili tunayoyajua vizuri, tuliyoyapata nje ya shule. Abdullahi akaanza, "Simama." Mwingine akasema, "Kaa chini." Yakafuata: toka, fungua, leta kitambulisho, haraka, tazama mbele, lala chini. Mwalimu aliandika yote ubaoni mpaka akaishiwa na nafasi. Halafu alirudi nyuma akayasoma kwa muda mrefu, mgongo umetuelekea, na alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika. Nadhani hakuwa amejua tulikuwa tumefundishwa lugha yake na nani.

Akafuta yote akaacha mawili, *simama* na *tazama*. "Yasikilizeni mwishoni," alisema. "Yanaishia wapi?" Tukasema yanaishia kwa *ma*. "Sasa nipeni jingine linaloishia hivyo, lakini lisiwe la amri." Tulihangaika. Halima akajitolea jina lake mwenyewe, na mwalimu akaliandika. Mwingine akasema *mama*. Mwishowe mwalimu mwenyewe akaongeza *salama*, akapiga mstari chini ya silabi ile ya mwisho katika kila neno. "Hivi ndivyo vina," alisema. "Simama, tazama, Halima, mama, salama. Maneno yaliyokuwa hayajuani, sasa ni ndugu." Sisi hatukuwa na sauti za *v* na *p* midomoni, kwa hiyo darasa zima likamjibu kwa furaha: "Fina!" Hakutusahihisha. Mwaka mzima tulisoma *fina*, na *fibande*, na *ubeo* wa shairi, na yeye alituelewa.

Mizani alitufundisha kwa makofi, kofi moja kwa kila silabi, mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza kama kuna arusi. Umbo la ubeti alitufundisha kwa madawati. Yalikuwa yamepangwa safu nne, wasichana upande mmoja na wavulana upande wa pili, na njia ya kupita katikati. Akasema darasa letu lenyewe ni ubeti wa tarbia: kila safu ni mshororo, na ile njia inaukata mshororo vipande viwili, ukwapi na utao. Safu moja ikitolewa nje tunabaki tathlitha, mbili zikitolewa tunabaki tathnia. Akaitoa nje safu ya nyuma ili tuone, nayo ikakataa kurudi kwa sababu nje kulikuwa na kivuli. Kisha akaanza kutupanga kwa majina. Kwenye ncha za safu za wasichana, karibu na njia, aliwaweka Halima, Fatuma na Rahma, na kwa safu ya mwisho alihitaji *ma* mwingine. Tuliobaki hakuna aliyekuwa nayo, akaniweka mimi, Sahra. Akasoma akitembea kutoka mbele: "Ma, ma, ma," akanifikia, "ra." Darasa likaangua kicheko. "Shairi lililoharibika vina au mizani," alisema, naye anajizuia asicheke, "huitwa guni." Basi. Kabla ya kengele nilikuwa Guni, na nilikuwa Guni mpaka mwisho wa shule. Nilijifanya nimekasirika, lakini ukweli ni kwamba nililipenda jina hilo. Ndilo neno la kwanza la Kiswahili nililopewa liwe langu.

Jioni nilimsimulia Hooyo yote hayo kwa Kisomali tukiwa tunasafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi. Alipolisikia neno *shairi* alikatisha kazi. Akauliza kama ni lile lile la Kiarabu, lililo pia katika lugha yetu. Nikasema naamini ni hilo. "Kumbe wanalo," alisema, kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani asiyempenda naye huswali. Kisha akataka kujua kanuni zake. Nilipomweleza kwamba sauti hulingana mwishoni mwa mishororo, alishangaa sana. Kwetu shairi hushikwa mwanzoni. Mtunzi huchagua sauti moja, na katika kila mstari lazima pawe na neno linaloanza na sauti hiyo, kutoka mwanzo hadi tamati. Wanaume wana gabay yao, wanawake wana buraanbur yao, na Hooyo alijulikana mtaani kwa buraanbur. "Mwishoni?" aliuliza. "Na msikilizaji anangoja mpaka mwishoni ndipo ajue kama ni shairi?" Kesho yake nilipomfikishia mwalimu swali hilo, alikaa juu ya meza yake akalifikiria kipindi kizima, na hatukufanya kazi nyingine.

Kiangazi kilipokaza, askari waliingia soko la mifugo asubuhi moja na kuchukua wanaume. Ilisemwa kuna wafanyabiashara wanaowauzia watu wa msituni sukari na majani ya chai. Aabo alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Hatukuambiwa kosa lake wala alikopelekwa, ila jirani alimwona akipandishwa lori la kwenda kambi iliyo nje kidogo ya mji. Hooyo aliniondoa shule siku hiyo hiyo. Nyumba ilibadilika sauti. Wanawake walikuja, wakakaa kwenye mikeka, wakanywa chai na kusema kwa minong'ono nyuma ya pazia, nami nikiwa upande wa pili nasikia vipande: nani amerudishwa, nani hajarudishwa, nani amepelekwa mbali. Mmoja alisema bora kuhamia Bute, kaskazini, kwa ndugu zetu kabla barabara haijafungwa kabisa. Jioni hiyo nilimwona Hooyo akianza kufungasha vyombo.

Mwalimu Mwakale alikuja kuniulizia. Mgeni wa bara kuingia mtaa wetu peke yake wakati ule halikuwa jambo dogo. Kwa watu wetu angeweza kuonekana jasusi, na kwa askari angeweza kuonekana msaliti. Alibaki nje ya mlango mpaka alipoitwa, akavua viatu, akakaa pembeni mwa mkeka. Hooyo alimpa maziwa ya ngamia, kwa sababu mgeni ni mgeni, kisha akaniambia bila kumtazama: "Mwambie maalim, lugha yake ndiyo iliyomchukua baba yako." Niliogopa kutafsiri. Mwalimu akasema, "Sema tu, Sahra, nimeona ni zito." Nikasema. Aliweka kibuyu chini. "Mwambie mama ni kweli," alijibu. "Na mwambie nimekuja kuuliza kama kuna lolote ambalo lugha hiyo hiyo inaweza kufanya."

Hooyo akasema maneno anayo, ameshayatunga. Kwetu mtu mwenye ombi kubwa hapeleki maneno matupu. Lakini atamwimbia nani? Ofisa wa serikali pale mjini haelewi Kisomali. Mwalimu akaomba asikie. Naye Hooyo, shashi nyeusi kichwani na mikono magotini, akaimba buraanbur yake mbele ya mtu asiyejua hata neno moja. Alikuwa ameichagulia sauti ya *g*. *Gabadh*, binti. *Guri*, nyumba. *Gacan*, mkono. *Galab*, alasiri. *Geel*, ngamia. Alisema binti huyu ni mkono wangu, nauleta kwako. Alisema nyumba yangu alasiri husikia ngamia wakirudi bila mtu wa kuwaita kwa majina. Alipomaliza, mwalimu alisema kwa sauti ndogo, "Anagonga mlango. Kila mstari, g, g, g." Nikamtafsiria Hooyo, na kwa mara ya kwanza akamtazama mwalimu usoni. "Mwambie ndiyo. Nimegonga."

Ikaamuliwa kwamba nitageuza ombi lile kuwa shairi la Kiswahili na kulipeleka ofisini mimi mwenyewe. Mwalimu alikataa kunitungia. "Mimi ni mtu wa serikali," alisema. "Ofisa akisikia maneno yangu atasikia barua ya mwalimu. Wewe una mama." Kwa hiyo nilikaa uani, nikapiga makofi taratibu magotini, nikifuta na kuandika. Nililolijua siku hiyo nimekuja kuwafundisha vijana wengi bila kuweza kulieleza vizuri: kwamba kanuni humshika mkono mtu anayetetemeka. Nilikuwa na hofu iliyojaa kifua, na haikuwa na mlango wa kutokea mpaka nilipoambiwa nitafute silabi nane. Mkono wa Hooyo sikuweza kuuvusha, wala ngamia wake. Kila nilipowaleta kwenye Kiswahili walipoteza *g* zao wakawa ngamia wa kawaida. Nikalazimika kuuliza ombi lenyewe ni lipi, likiwa limevuliwa nguo zote. Nilipomsomea mwalimu, alinisimamisha mshororo wa pili. Nilikuwa nimeandika *Nimetumwa na mama*. "Unachechemea hapo. Hesabu." Nilihesabu nikapata saba. Nilitaka kulia. Akasema, "Mpe mama silabi yake," nami nikaandika *naye mama*, na mstari ukasimama.

Asubuhi tulikwenda watatu. Hooyo alitangulia, mimi nikafuata, na mwalimu akabaki nyuma kidogo na koti lake, kama walivyokubaliana ili watu wasiseme. Tulisubiri kwenye veranda mpaka vivuli vikafupika. Ofisa alikuwa mtu wa bara, mnene, macho mekundu ya mtu asiyelala, na chai yake ilikuwa imeshapoa na kuota ngozi juu. Alianza kumwambia mwalimu kwamba hakuna nafasi, kwamba kila mwanamke wa mji huu ana mume asiye na kosa. Mwalimu akasema, "Bwana, msichana huyu ni mwanafunzi wangu. Ana beti za kusoma. Si ndefu." Ofisa akashika kalamu yake, aendelee kuandika nami nikisema. Nikasimama wima na kusoma, na ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

*Bwana mkubwa salama, nimefika ofisini,*
*Nimetumwa naye mama, ana neno la moyoni,*
*Moto wetu umezima, hakuna sauti ndani,*
*Mrudishe baba mwema, tukae naye nyumbani.*

Kalamu ilisimama kwenye mshororo wa tatu. Nilisoma hadi mwisho, nikaanza kukunja karatasi. "Rudia ule wa moto," alisema. Nikarudia. Akamtazama Hooyo, ambaye hakuwa ameelewa chochote ila alikuwa akihesabu nami kimya kwa vidole ndani ya nguo yake. "Nani alitunga?" Nikasema mama alitunga kwa Kisomali na mimi nikahamisha. Ofisa alisugua macho. Alisema hana mamlaka ya kumwachilia mtu, hiyo si kazi ya meza yake, na asije mtu akasema aliahidi. Kisha akaandika kibali cha kumpelekea Aabo chakula kila Ijumaa na kumwona. Alipotukabidhi alimwambia mwalimu kwa ukali, "Na wewe, uangalie unafundisha nini huko."

Ijumaa tulipeleka wali, nyama kavu ya nyirinyiri kwenye samli, na maziwa. Aabo alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi, na alitutazama kupitia uzio kama anayetukumbuka polepole. Askari alituambia tuzungumze Kiswahili tu, ili asikie. Hooyo hakuwa nacho, kwa hiyo alikaa akimtazama mumewe na kumsogezea sahani. Ikabidi tuzungumze mimi na Aabo, kwa lugha ambayo hatukuwahi kuitumia kati yetu. Ilikuwa aibu ya ajabu, kama kukutana na baba yako akiwa amevaa nguo za mtu mwingine. Nilimweleza tulivyopata kibali. Akaniambia nimsomee. Nikasoma, askari naye akisikiliza, na Aabo, mtu wa gabay tangu ujana wake, akatafuna kwa muda kisha akasema: "Hii shairi inaanza wabi? Mara *b*, mara *n*, mara *m*. Kama mbuzi imefunguliwa bila mchungaji." Nikamweleza kwamba linashikwa mwishoni, na nikamwonyesha kwa kidole hewani. "Mwishoni," alisema. Alifikiri. "Basi fundisha mimi. Hapa nina nafasi."

Kila Ijumaa tuliporudi nilimfundisha kupitia uzio: vina, mizani, vipande. Alikuwa mwanafunzi mbishi kuliko Abdullahi. Hooyo alifungua tena vyombo alivyokuwa amefungasha, nami nikarudi shule. Mvua zilipokaribia, siku ya kawaida kabisa, Aabo alitembea kwa miguu kutoka kambini hadi mlangoni kwetu. Waliachiliwa wengi siku hiyo, na sijawahi kujua kama beti zangu zilikuwa na mkono katika jambo hilo. Miaka mingi nilitaka ziwe nao. Sasa sioni kama ni muhimu. Wako waliokuwa na wake na mabinti wenye maneno mazuri kuliko yetu, na hawakurudi. Ninachokijua ni kwamba zilitupa zile Ijumaa, na kwamba baba yangu aliporudi, lugha niliyoipata kwa shida haikuachwa tena nje ya mlango.

Mwisho wa mwaka Mwalimu Mwakale alipata uhamisho. Hakusema kwa nini, na hatukuuliza. Aliondoka na msafara wa malori alasiri moja, na darasa zima lilikuja kumuaga, safu zote nne. Wavulana walimpa kanzu, na Hooyo alimpelekea nyirinyiri ya kutosha kumfikisha Taita na kurudi. Aabo alikuja pia, amevaa kofia yake ya sala. Hawakuwa wamekutana ana kwa ana zaidi ya mara mbili. Alimshika mwalimu mkono, akakohoa, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe:

"Mwalimu, mwana wa mtu, Mwenyezi Mungu mwenzio."

Nilimwona mwalimu akitaka kujibu, akasita. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Nane, na nane. Kisha akaanza tena kutoka mwanzo, na safari hii nikajua anasikiliza nini: *m*, *m*, *m*, mstari mzima umeshikwa mbele kama wetu na kupimwa kama wao. Akamkumbatia baba yangu pale pale mbele ya askari, na dereva akapiga honi.

Vumbi lilipotulia tulianza kurudi nyumbani, maana saa ya amri ilikuwa karibu. Aabo alitembea mbele yangu, mikono nyuma. Tulipofika kwenye maduka akapunguza mwendo nimfikie.

"Ubeti ina mishororo ngabi?" aliuliza.

"Minne, Aabo."

"Basi bado mitatu," alisema, na tukaenda tukiitafuta njia nzima.